Pipeti ya Maji ya Kisima

Chiriku alinyamaza saa nne asubuhi ya Jumanne, na wa kwanza kugundua alikuwa wifi yake.

Walikuwa wawili tu katika maabara ile ndogo ya kupima maji. Mkubwa wa kazi aliitwa Mama Pacha, mke wa kaka yake Chiriku, mwanamke mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Chiriku jina lake alipewa kwa sababu ya mdomo. Aliongea akiosha mabika ya kioo, aliongea akipanga neli za majaribio, aliongea hata na mizani: "Haya bibie, leo umeamkaje, utasema kweli?" Mama Pacha alizoea kumwambia, "Wifi, siku ukifa, mdomo wako tutauzika kesho yake."

Asubuhi ile waliletewa chupa ya maji kutoka kisima kilichofunikwa kwa jiwe miaka mingi. Mwenye kiwanja alitaka kukifungua ili wapangaji wake wachote. Kile kipira cha kuvutia maji kwenye pipeti kilikuwa kimechanika, na Chiriku, badala ya kungoja kingine, akautia mdomoni ule mrija wa kioo na kuvuta. Kwa kawaida maji hupanda polepole, mtu akayasimamisha kwenye alama. Haya yalipanda yenyewe. Yakamjaa kinywani, na kabla hajawahi kutema, yakateremka.

"Umeyameza?" Mama Pacha alimaka. "Mara ngapi nimekwambia pipeti hainyonywi kwa mdomo?"

"Yote," alisema Chiriku, akiutazama mrija mtupu. "Mililita ishirini na tano. Wifi, ni matamu."

Hakusema neno jingine siku ile.

Mwanzoni Mama Pacha alidhani ni aibu. Akapima maji yaliyobaki mwenyewe, akiyatia kwanza rangi nyekundu ya kupimia. Alijaza dawa kwenye bureti, mrija mrefu wa kioo wenye alama, akafungua koki, akaidondosha tone kwa tone ndani ya chupa huku akiitikisa, akingoja wekundu ugeuke buluu. Haukugeuka. Alidondosha mpaka bureti ikaisha, akajaza tena, ikaisha tena. Maji yalikuwa mekundu vile vile, na chumba kilinuka tope la mahali pasipofika jua. Nyuma yake Chiriku alikuwa amesimama, mikono imening'inia, akitabasamu.

Jumatano kichomea cha gesi kilizimika mara tatu. Mara ya tatu Mama Pacha alimwona wifi yake akiubana ule mwali kwa vidole viwili, kama mtu anayemfinya mtoto mtundu sikio. Vidole havikuungua. Vilitoa mvuke.

"Wifi," alinong'ona, "una nini?"

Chiriku alimtazama tu, na kutoka tumboni mwake ikasikika sauti ya kitu kizito kilichotumbukia majini, mbali sana, chini sana.

Alhamisi adhuhuri Mama Pacha alirudi kutoka kunawa akakuta mlango umerudishwa, na sakafu imelowa, na mabika yote yaliyokuwa rafuni yamepangwa chini matupu, na silinda za kupimia zimekaushwa, na hata mtungi wa maji safi uliojazwa asubuhi umelala ubavu bila tone. Na kule mwisho wa meza, penye mtambo wa kuchemsha maji na kuupoza mvuke, Chiriku alikuwa amepiga magoti, midomo ameibana kwenye ncha ya mrija, akinyonya kila tone lililotaka kudondoka, koo likipanda na kushuka, na nywele zake, ambazo hakuna aliyezimwagia maji, zilikuwa zikichuruzika mgongoni.

"Nimekaa gizani," ilisema sauti isiyokuwa yake. "Sasa nina kiu ya miaka yote."

Mama Pacha alikimbia kumwita mumewe.

Kesho yake mume akamleta mganga, bibi mfupi aliyejulikana kwa kuwatibu wenye majini. Alizunguka meza akivigusa vyombo, kisha akamfunga Chiriku macho kwa kitambaa cheusi.

"Uliingia kwa njia gani?" aliuliza.

"Kwa mrija," lilijibu jini.

"Basi njia unaijua. Toka."

"Kule chini ni baridi, bibi. Humu mna moyo unadunda."

"Si nyumba yako." Mganga akamgeukia Mama Pacha. "Aliingia kiasi gani?"

"Mililita ishirini na tano."

"Zitoke zote. Likibaki tone, ni yeye amebaki."

Wakamtia pipeti mdomoni, ncha yake ikaelekea ndani ya silinda ya kupimia. Kaka mtu akamshika mabega. Mganga akasoma, akasoma, na Chiriku akapuliza. Maji meusi yakaanza kuteremka, na kila yalipoteremka alilia kwa sauti mbili, moja ya kwake na moja ya chini ya jiwe, mpaka damu ikamtoka puani, na kucha zikageuka buluu, na kaka yake akaanza kusema, "Basi, bibi, basi, utaniulia dada yangu."

"Imetimia?" aliuliza mganga, ambaye namba hakuzijua.

Mama Pacha akainama mpaka jicho lake likawa sawa na maji. Akavua miwani, akaifuta, akainama tena. Ishirini na nne na nusu.

Akamtazama wifi yake. Alikuwa hapumui vizuri.

"Imetimia," alisema.

Maji yale yakarudishwa kisimani siku ile ile, kikafunikwa tena kwa jiwe, na Mama Pacha akaandika kwamba hayafai kunywewa. Chiriku alilala hospitalini siku mbili, akaamka anaomba chai na kusengenya wauguzi. Nyumba nzima ikacheka hadi machozi.

Wiki tatu baadaye walikuwa kazini. Chiriku alikuwa akipangusa bureti na kusimulia ugomvi wa majirani, mara akakatiza katikati ya neno. Sauti ikashuka.

"Nilikuona ulivyoinama kukisoma kile kipimo," alisema taratibu. "Mara mbili. Asante, wifi."

Kisha akaendelea na majirani pale pale alipoachia, akicheka. Mama Pacha alishika ukingo wa meza. Kitambaa cheusi hakikufunguliwa machoni mwa Chiriku mpaka maji yalipokwisha kutolewa nje ya chumba kile.