Jibu la Dawati la Mbele

Kila asubuhi Zornitsa alipitia duka la mikate karibu na shule yake mjini Vratsa, akanunua banitsa, yaani andazi la jibini, ingali moto, akala nusu njiani na nusu mlangoni pa darasa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alama zake zilikuwa sita tupu, yaani za juu kabisa, na alipenda kila mtu ajue hivyo.

Siku hiyo Mwalimu Karastoyanova alikuwa akichagua mmoja wa kwenda Plovdiv kwenye mashindano ya kemia. Walibaki wawili: Zornitsa na Radko. Radko alilelewa na bibi yake, kwa kuwa wazazi wake walifanya kazi Hispania. Hawakuwa wamemwona kwa miaka miwili, na sasa walikuwa wameomba ruhusa kazini waje Plovdiv kumtazama akishindana. Darasa zima lilijua, maana Radko hakuchoka kulisema jambo hilo. Kwa ufupi wake walimwita Atomi.

Radko aliitwa ubaoni kwanza. Mwalimu alitaka kujua ipi ni kubwa, atomi ya sodiamu au ya klorini. Radko alikuwa amesoma, lakini hofu ilimfutia yote kichwani. Kati ya wanafunzi wa shule ile kulikuwa na sheria isiyoandikwa popote: aliyekwama ubaoni hunong'onezewa, hata akiwa adui yako. Basi akatupa jicho dawati la mbele. Zornitsa, aliyeketi hapo, akaukinga mdomo kwa kiganja.

"Klorini," alinong'ona. "Ina elektroni nyingi zaidi."

Radko akalirudia neno kwa neno. Mwalimu akamuuliza mara mbili kama ana hakika, naye akasema anayo.

"Jamani, Atomi hajui hata ukubwa wa ndugu zake," alisema Bilyana, aliyeketi pembeni ya Zornitsa, na darasa likaangua kicheko.

Mwalimu aliandika mbili, alama ya kushindwa. Akauliza nani aliyemnong'oneza. Radko alimeza machozi. "Nimekosea mwenyewe, Mwalimu."

Zornitsa alifurahi. Hilo tusilifiche. Alipoulizwa swali lile lile alikwenda ubaoni kwa madaha.

"Sodiamu ndiyo kubwa," alisema. "Zote zina tabaka tatu za elektroni, lakini kiini cha klorini kina protoni kumi na saba, na cha sodiamu kumi na moja tu. Cha klorini kinavuta kwa nguvu zaidi, kwa hiyo atomi inasinyaa. Sodiamu ikipoteza elektroni na kuwa ioni, inabaki na tabaka mbili, inanywea. Klorini ikipokea elektroni, inavimba."

Hakukosea hata neno moja, na hapo ndipo alipojimaliza. Safu nzima ya mbele ilikuwa imeusikia ule mnong'ono. Waliomcheka Radko sasa walimtazama yeye.

"Mwalimu," alisema Bilyana, "sasa hivi tu alikuwa na jibu jingine. Alimpa Radko."

Zornitsa akatafuta wa kumtetea, asimwone. Akakiri. Mwalimu aliifuta ile mbili, akamwuliza Radko upya maswali matano. Radko alijibu yote bila kugeuza macho, akapata sita, na safari ikawa yake.

"Wewe baki hapo," Mwalimu akamwambia Zornitsa. "Ioni ya sodiamu na ya magnesi, ipi ndogo?"

Alilijua jibu tangu juzi, lakini ulimi ulikuwa mzito. Kwa mazoea akayatazama madawati. Wenzake ishirini na wanne walikuwa wameinamia vitabu. Radko alimtazama usoni, kisha naye akainamisha kichwa. Mwalimu alingoja dakika nzima.

"Magnesi," Mwalimu akajijibu mwishowe. "Umekisikia hicho kimya? Ni chako, umekitafuta mwenyewe. Kumnyima mwenzako jibu ni uchoyo tu. Kumpa la uongo, naye amekuamini, ni wizi, na ukishaiba imani ya watu hawakupi tena. Mbili. Nenda ukaketi."