Gari Lenye Kisirani

Jumanne, tarehe 12 Machi. Kulikucha kukavu, anga jeupe kama shuka, na jua lilipopanda kidogo upepo ukaanza kuokota mchanga.

Vifuta-kioo vya gari vikaanza kucheza vyenyewe.

"Mvua iko wapi?" aliuliza Mama Mkwe.

"Vinafanya mazoezi, mama," alijibu Fundi, akibonyeza swichi ya kuvizima.

Badala yake honi ikalia. Akaipiga kofi honi, vioo vya milango vikashuka vyote kwa pamoja, kama askari walioamrishwa. Mchanga ukaingia ndani kwa fujo. Redio nayo ikaamka, ikapiga kelele za bendi.

"Linatuchezea shere!" alifoka Fundi.

"Kemea pepo, mwanangu! Kemea!"

Fundi alikuwa fundi cherehani, akimrudisha mkwewe nyumbani ng'ambo ya jangwa. Macho yalipojaa mchanga aliikosa barabara, na alipofanikiwa kuyafumbua, pande zote zilikuwa mchanga mtupu. Kisha moshi ukafuka. Feni ya rejeta, iliyopaswa kupoza injini, ilikuwa imegoma. Alifungua kifuniko cha rejeta kwa pupa, mvuke ukambabua mkono. Akamimina dumu zima la maji. Yakachemka, yakamwagika, mchanga ukayanywa. Injini ikazima.

Ikabaki chupa moja ya maji.

Mama Mkwe alichana upindo wa mtandio wake, akamfunga jeraha. Walilowesha midomo tu. Jua liliwakalia utosini, kisha likaanza kuteremka, na honi ikawa inalia kila ilipojisikia. Mara ya mwisho mama hakustahimili. Aliinama chini ya usukani amtafute adui ana kwa ana.

"Nani kashona hiki?"

Nyaya za gari, nyekundu, nyeusi na za kijani, zilikuwa zimekusanywa pamoja na kupigwa mshono wa kupendeza, hatua ndogondogo, zisizopotoka hata moja.

"Mimi, mama. Zilikuwa zinaning'inia ovyo. Nikaona kwa heshima ya safari yako zikae kwa adabu."

"Na ngozi zao za plastiki?"

"Nilizichuna kidogo, mshono usiwe mnene."

Mama Mkwe alicheka mpaka akakohoa vumbi. "Tangu asubuhi namkemea shetani, maskini, kumbe hajafika huku! Umewaoza wote nyumba moja, uchi, halafu unashangaa wanagombana?"

Fundi alitoa wembe mfukoni. Mkono uliobabuka ulimuuma, lakini kufumua alikujua. Alikata uzi mmoja baada ya mwingine, na kila waya mama akauvika kipande cha mtandio wake. Redio ikanyamaza. Fundi akagusisha waya wa feni: ikazunguka!

Lakini rejeta ilikuwa kavu. Waliitazama chupa.

"Tukiinywa, tutaishi mpaka kesho," Fundi alisema. "Tukiimimina na gari likagoma, basi."

Mama Mkwe alifumba macho. Midomo yake iliyopasuka ilisali kimyakimya, kisha akamkabidhi chupa.

"Mimina. Tumeshamwomba, tusimwachie na kazi ya kusukuma."

Gari lilikohoa, likakataa, likakohoa tena, likanguruma!

"Asubuhi jua lilikuwa shavuni kwangu," mama alisema. "Sasa limehamia magharibi; liweke shavuni kwako, tushike njia ile ile. Usiliache!"

Waliruka matuta, wakateleza, wakazama nusu gurudumu na kuchomoka. Mshale wa joto ulipanda. Fundi alijikuta anasali kwa sauti, yeye aliyezoea kusubiri "amina" tu. Mbele ikachomoza katapila la njano, kisha mahema, kisha wajenzi wa barabara wakikimbia na ndoo. Gari lilizima likiwa bado linateleza kuwaelekea.

Walikunywa taratibu, maji yakiwachuruzika videvuni. Wajenzi waliposikia habari ya mshono, walishikana mabega kwa kicheko.

"Mkwe wangu," alisema Mama Mkwe, "sema neno mbele ya hawa."

Fundi alisimama, akavua kofia.

"Mbele ya Mungu, na mbele yenu nyote: nikifika, naenda kwa fundi umeme wa magari, nakaa chini kama mwanafunzi. Na mpaka yeye aseme nimejua, sigusi waya."