Kompyuta Iliyopewa Jina la Risper

Kompyuta ilikohoa. Jedidah, mimba ikimwelemea, aliacha kuchapa akageuka, lakini mle dukani mwake mwa kuchapia barua, mjini Sindo, hamkuwa na mtu mwingine. Kikohozi chenyewe kilikuwa kikavu, cha mtu wa ugoro. Aliyekuwa akikohoa hivyo ni mama mkwe wake, Risper, waliyemzika Pasaka.

"Ni feni hiyo," akasema mumewe, Willis, fundi wa simu na kompyuta, aliporudi na kusimuliwa. "Si nilikwambia usinunue hiyo takataka?"

Alimwambia, kweli. Miaka yote duka liliendeshwa na kompyuta kuukuu ambayo Willis aliiwekea mfumo huria, ule wa bure usiomchunguza mtu wala kutaka kujua mambo yake. Lakini wapi! Jedidah alitaka mpya, akaifuata hadi Migori, na mfumo wake wa kulipia ukamtoa jasho. Mteja amesimama anangoja barua, wenyewe umeamua kujisasisha. Unafungua kazi, unaletewa matangazo ya viatu. Na siku ya kwanza ulikataa katakata kufunguka mpaka upewe jina, nambari ya simu na uso. Nambari yake ukaikubali, jina na uso ukavikataa, eti havitambuliki. Kwa hasira akachapa jina la marehemu, akaitoa picha yake ukutani na kuiinua mbele ya kamera.

"Karibu, Risper," mashine ikaandika, na kazi ikaendelea.

Jamani, mke wa nyumba ya Kijaluo afanye hivyo akiwa na mimba? Jina la marehemu halichezewi. Hupewa mtoto, na marehemu akarudi nyumbani kupitia kwake. Jedidah alilijua hilo toka utotoni, ila nani angedhani chombo cha plastiki nacho kingehesabiwa kuwa kimepewa jina?

Mtoto akazaliwa, msichana, akalia. Akakataa titi. Zahanatini wakampima, wakasema hana ugonjwa, naye akazidi kukonda hadi mbavu zikaonekana. Basi wakafanya kama ifanyikavyo kwao: mtoto akilia hivyo hutajiwa majina ya waliokufa mpaka anyamaze kwa lililo lake. Jedidah akampakata katika chumba cha nyuma ya duka, jua la mchana likiwaka nje. Willis akataja mashangazi, akataja nyanya, mtoto analia tu.

"Risper," akasema mwishowe.

"Niko hapa," ikajibu sauti kutoka dukani.

Harufu ya ugoro ikaja kwanza, ikipita polepole chini ya pazia, na nyuma yake kile kikohozi, na nyuma ya kikohozi mwanga wa kompyuta ambayo Jedidah aliizima na kuichomoa waya kwa mkono wake mwenyewe, mwanga uliotambaa sakafuni hadi miguuni pake ukatua hapo, kama mgeni anayengoja kukaribishwa, huku mtoto akilia mpaka sauti ikamkauka, ukabaki mdomo wazi tu.

"Willis," akanong'ona, "huyo ni mama?"

"Sijui." Willis akarudi nyuma, mbali na pazia. "Sauti ni ya mama. Lakini mama hangeacha mjukuu wake afe njaa, jamani yawa. Hilo ni jini limevaa jina lake."

"Litoe! Chochote kilicho mle, kitoe!"

Willis akachukua flashi yenye ule mfumo wa bure, akaingia dukani. Jedidah akasikia vibonye vikibonyezwa, kisha ile sauti ikibembeleza: "Willis, wuoda, mwanangu, unanifuta?" Akamsikia mumewe akilia kama mtoto, na bado akibonyeza. Kikohozi kikakatika katikati.

"Nimefuta yote," Willis akasema, akirudi na macho mekundu. "Imebaki kompyuta tu."

Jedidah akamwinamia mwanawe. "Risper?" akaita kwa woga.

Mtoto akashika titi, akanyonya. Nyasaye, Mungu wangu! Jedidah akacheka huku machozi yakimtiririka.

Simu yake ikatetemeka. Ujumbe ulitoka kwa wenye ule mfumo wa kulipia: *Risper, umeingia kwenye kifaa kipya, Sindo, sasa hivi. Je, ni wewe?* Chini yake, Ndiyo na Hapana.

"Kifaa gani?" Willis akanong'ona. "Hii kompyuta haina akaunti tena." Kisha akamwona mtoto, macho wazi, yametulia juu ya simu. "Bonyeza Hapana, Jedidah. Haraka!"

"Na akiacha kunyonya?"

Jedidah akamtazama mwanawe akimeza kwa pupa, shavu lake likianza kupata joto, akabonyeza Ndiyo.