Kikohozi cha Salfa na Barakoa ya Bwanali

Katika msimu wa salfa, Bwanali alitoka nyumbani kabla ya jua. Salfa, unga wa njano wa kukinga mikorosho na ugonjwa, hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umelala na majani ya mikorosho yakiwa bado na umande. Hapo unga hushika. Jua likipanda na upepo ukiamka, unga huruka, na kazi yote ni bure.

Bwanali alibeba mashine ya kupulizia mgongoni akapita mti hadi mti. Alikuwa mpuliziaji hodari. Watu wengi wa kijiji chake, Makote, walimwita awapulizie mashamba yao. Aliporudi nyumbani, nyusi zake zilikuwa za njano, macho mekundu, na alikuwa anakohoa.

Mkewe Stamili hakushtuka. Wapuliziaji wote hukohoa. Kijijini kikohozi hicho kina jina lake: kikohozi cha salfa. Huanza pamoja na msimu, kisha huisha pamoja nao.

Mwaka huu msimu uliisha. Mashine ilisafishwa ikawekwa darini. Korosho zilianza kuanguka, na Stamili alishinda shambani akiziokota na kuzitenga na mabibo. Lakini Bwanali aliendelea kukohoa.

Wakati huo binti yao Mwanasha alirudi nyumbani kutoka Masasi. Alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, msichana. Kwa desturi, uzazi wa kwanza mama hulelewa kwa mama yake mpaka arobaini. Siku ya arobaini mtoto angetolewa nje mbele ya ndugu, na babu yake angempa jina. Mume wa Mwanasha, fundi baiskeli wa Masasi, alikuwa amekubali hivyo.

Bwanali alifurahi mno. Kila jioni alimpakata mjukuu wake sebuleni. Sebule ilikuwa imejaa magunia ya korosho yakisubiri kupelekwa ghalani. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya wezi, na gunia moja lilikuwa limeegemezwa kwenye dirisha lenyewe. Bwanali alimwangalia mtoto, akatabasamu, akakohoa.

"Baba, geuka upande," Mwanasha alisema.

"Hiki ni cha salfa tu, mwanangu. Mvua zikianza, kitakwisha."

Mvua zilianza. Hakikwisha.

Siku moja asubuhi alikuja Severina, mhudumu wa afya wa kijiji. Watu walimwita Mama Oliva. Alizaliwa Lukuledi, akaolewa Makote, na alizunguka nyumba kwa nyumba kuwatazama wazazi na watoto wachanga.

"Hodi hapa!"

"Karibu, Mama Oliva," Stamili aliitikia.

"Shikamoo, Baba Mwanasha."

"Marahaba. Mjukuu wangu yuko ndani, mzito kama gunia la..." Bwanali hakumaliza. Kikohozi kilimkamata mpaka akashika ukuta.

Severina alingoja kitulie.

"Kimeanza lini hicho?"

"Tangu salfa."

"Salfa imekwisha zamani."

"Basi imebaki kifuani."

"Unatoka jasho usiku?"

Bwanali alirekebisha kofia yake. Stamili ndiye aliyejibu.

"Shuka nalianika kila asubuhi kama limetoka mtoni. Na suruali zake sasa anafunga kamba."

"Mama Mwanasha, nani kakuuliza wewe?"

"Mama Oliva kauliza shuka. Shuka ninafua mimi."

Severina hakucheka. Alieleza polepole. Kikohozi cha vumbi la salfa hupungua mtu akiacha kazi ya salfa. Kikohozi kinachozidi wiki mbili, tena chenye jasho la usiku na kukonda, lazima kipimwe. Kinaweza kuwa kifua kikuu. Kipimo ni makohozi, na dawa zake hutolewa bure.

"Kifua kikuu!" Bwanali alisema kwa hasira. "Unataka watu wanikimbie?"

"Nataka uende ukapime. Na kuanzia leo, ukiwa karibu na mtoto, vaa barakoa."

Alitoa barakoa mpya kwenye mkoba wake. Bwanali aliitazama kama mtu aliyeonyeshwa nyoka.

"Korona imekwisha, Mama Oliva. Barakoa nilishavaa. Tulikuwa nayo moja, watu wanne. Mwenzako akitoka ofisini anaivua, anakupa, nawe unaingia."

"Nakumbuka," Severina alisema. "Tena mliivaa kidevuni."

"Mlinzi wa mlangoni alitaka kuiona tu. Hakusema ikae wapi."

Hapo hata Severina alicheka. Lakini Bwanali hakuichukua barakoa ile. Atakayevaa barakoa wakati huu, alisema, ataonekana ameleta korona upya, au anajidai daktari. Akachukua panga, akaenda shambani.

Mwanasha alikuwa amesikia yote akiwa chumbani. Alitoka na mtoto begani.

"Mama, nitarudi Masasi."

"Kabla ya arobaini? Watu watasema nini?"

"Watasema wanavyotaka. Mtoto huyu hawezi kusema, 'Babu, geuka upande.'"

Stamili alikaa chini. Binti kuondoka kabla ya arobaini ni aibu kwa nyumba. Lakini alimpokea mtoto, Mwanasha akaanza kukunja nguo.

Bwanali aliporudi, alikuta nguo za mtoto zimekunjwa ndani ya begi. Aliuliza, akaambiwa. Hakugombeza mtu. Alikaa kwenye kizingiti, kofia yake mkononi, mpaka Severina alipopita tena akitoka kwa jirani.

"Mama Oliva, njoo. Nieleze vizuri. Mimi simpigi mtoto. Simlishi kitu kibaya. Ninampakata tu. Ugonjwa utamfikiaje?"

Severina alitazama darini, kwenye mashine.

"Baba Mwanasha, ukiiwasha mashine yako hapa sebuleni, madirisha yamefungwa hivi, itakuwaje?"

"Nina wazimu? Salfa itajaa nyumba nzima."

"Ukishaizima, unga utaondoka?"

"Utaelea. Mwembamba ule hautui upesi. Anayeingia baadaye ataukuta."

"Na ukiwasha nje, pana upepo?"

"Upepo unauchukua. Mara moja huuoni tena."

"Basi unajua kila kitu," Severina alisema. "Mwenye kifua kikuu akikohoa, au hata akizungumza, hutoa vijidudu vinavyoelea hivyo hivyo. Tofauti ni moja. Unga wa salfa una rangi, huu wa kikohozi hauna. Mtoto anauvuta humu ndani kila jioni."

Bwanali aligeuka akatazama sebule, magunia, dirisha lililozibwa. Alitazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama shamba kabla ya kuamua aanzie upande gani.

"Na barakoa?"

"Ni kama kuziba mdomo wa mashine. Unga unabaki hapo hapo unapotokea. Ndiyo maana anayekohoa ndiye anayetakiwa kuvaa kwanza."

"Kumbe si ya kunilinda mimi."

"Ni ya kumlinda aliye mbele yako."

Bwanali aliinuka. Aliingia ndani, akaanza kuburuta magunia kuyaondoa dirishani. Alikohoa, akapumzika, akaburuta tena. Stamili alikuja kumsaidia. Madirisha yalipofunguliwa, hewa ya mvua iliingia, na mwanga ukaonyesha vumbi lililokuwa likielea chumbani wakati wote. Magunia walikubaliana kuyapeleka ghalani mapema, bila kungoja yawe mengi.

Kesho yake Bwanali alikwenda kupima. Alivaa barakoa njia nzima. Makohozi yalionyesha kifua kikuu.

Daktari alimwambia mambo waziwazi. Ugonjwa huu unapona. Dawa ni za miezi sita, kila siku, bila kuruka. Mtu husikia nafuu mapema, na hapo ndipo wengi huacha dawa na ugonjwa hurudi ukiwa mkali zaidi. Dawa zikianza kufanya kazi, hatari ya kuambukiza hupungua haraka. Hata hivyo alale chumba chake, madirisha wazi, na avae barakoa akiwa na watu mpaka apimwe tena na kuambiwa aivue. Watu wa nyumbani wote wachunguzwe.

Wote walichunguzwa. Mwanzoni Mwanasha aliogopa kumpeleka mtoto. Severina alifuatana naye. Mtoto alionekana mzima, akaanzishiwa dawa ya kinga. Mwanasha aliambiwa aendelee kumnyonyesha kama kawaida.

Jioni ile Mwanasha alifungua begi, akarudisha nguo za mtoto kwenye kamba.

Ilibaki siku ya arobaini.

"Nitakaa shambani siku hiyo," Bwanali alimwambia mkewe. "Wewe mpe jina."

"Jina umelichagua wewe."

"Watu watakuwa wengi. Nitaonekana na hii kitu usoni."

"Sasa utamficha nani? Mpaka mbuzi wanajua unaumwa," Stamili alisema. "Amua mwenyewe. Mimi jina sitoi."

Siku ilifika. Ndugu walikuja kutoka Newala mjini na Masasi. Wali ulipikwa, na mbaazi za nazi. Mikeka ilitandikwa uani. Kila mtu aliuliza babu yuko wapi.

Bwanali alitokea nyuma ya nyumba. Alivaa kanzu safi, kofia yake, na barakoa iliyofunika pua na mdomo. Alisimama uani kidogo, akainua uso kupima upepo, kama afanyavyo shambani. Kisha akaenda kusimama mwisho wa ua, mahali ambapo upepo ulitoka kwa watu kuja kwake, ukaendelea porini. Wageni hawakuelewa kwa nini amekwenda kule. Severina alielewa.

Abdulazizi, mpuliziaji mwenzake na mtani wake wa siku zote, alipiga kelele:

"Jamani, lipiko limetoka! Ngoma ziko wapi?"

Uani kote watu walicheka. Lipiko ni mchezaji wa ngoma anayevaa kinyago kufunika uso, na kila Mmakonde anamjua. Mtoto mmoja alianza kupiga sufuria kama ngoma. Mwanasha aliinamisha kichwa.

Bwanali alingoja kicheko kiishe.

"Abdulazizi, umekosea. Lipiko hufunika uso ili usijue ni nani. Mimi mnanijua. Ni Bwanali. Nina kifua kikuu. Nimepimwa, na nimeanza dawa."

Sufuria ilinyamaza.

"Nilidhani ni salfa. Nimemkoholea mjukuu wangu mwezi mzima, tena madirisha nimeyafunga. Hii barakoa hainikingi mimi, inamkinga yule pale. Anayetaka kucheka acheke. Mimi nitaivaa mpaka daktari aseme basi."

Alinyoosha mkono kwa mtoto, akiwa kule kule mwisho wa ua.

"Jina lake ni Wema."

Stamili alipiga kigelegele. Wanawake wengine waliitikia. Mzee mmoja wa msikitini aliomba dua. Kisha watu walikula, na maneno ya barakoa yakaishia hapo.

Ni jambo gumu kusimama mbele ya ndugu na kusema ugonjwa wako kwa jina lake. Bwanali alilifanya bila kuomba huruma.

Watu walipoanza kuondoka, Abdulazizi alimfuata mwisho wa ua. Hakuwa anacheka.

"Bwanali, na mimi nakohoa."

"Tangu lini?"

"Tangu salfa."

"Kapime."

"Wakinikuta nacho?"

"Utakunywa dawa. Na nitakuja kwako kukuita lipiko."

Abdulazizi alikwenda kupima. Hakuwa na kifua kikuu. Chake kilikuwa kweli kikohozi cha salfa. Daktari alimwambia kuwa hilo pia si jambo la kuzoea, kwa sababu vumbi lile huumiza mapafu. Barakoa nyepesi ya hospitali haitoshi kwa salfa. Mpuliziaji anahitaji barakoa yenye kichujio, iliyobana vizuri puani na mashavuni, pamoja na miwani ya kukinga macho. Na barakoa ni ya mtu mmoja. Haiazimwi.

Bwanali alimeza dawa kila siku. Stamili alimtolea maji, akasimama mpaka ameze. Barakoa iliyolowa au kuchafuka Bwanali aliitupa chooni, akavaa nyingine. Njiani watoto walimwita lipiko kwa muda, kisha wakachoka. Kabla hata hajapona, mama mmoja aliyekuwa na mafua makali alionekana kwenye foleni ya zahanati amevaa barakoa. Hakuna aliyemuuliza kama korona imerudi.

Mwanasha alirudi Masasi kwa heshima, arobaini ikiwa imepita. Kila alipokuja kusalimia, Wema alimkuta babu nje, kwenye hewa, amevaa barakoa. Alimjua babu yake kwa macho na kofia.

Mwezi wa tano wa dawa, Bwanali alirudi kutoka kupima. Makohozi yalikuwa safi. Dawa zilikuwa bado zinaendelea, lakini daktari alisema barakoa sasa anaweza kuivua. Mwanasha alikuwa amekuja. Bwanali alinawa mikono, akakaa mkekani, akavua barakoa, na kunyoosha mikono.

Wema alimtazama. Aliona mdomo, ndevu na meno ambayo alikuwa ameshayasahau. Akalia kwa nguvu zake zote.

"Hakujui!" Stamili alicheka mpaka akajifuta machozi.

Bwanali alifikiri kidogo. Kisha akaweka kiganja juu ya pua na mdomo wake.

Wema alinyamaza. Aliyatazama yale macho, akayatambua, akanyoosha mkono na kukivuta kiganja taratibu, yeye mwenyewe.