Nyimbo Zinazoanza na Nu

Ilikuwa Jumamosi ya Juni, saa sita mchana. Mvua ilikuwa haijakatika tangu Jumatano, na nusu ya mji wa Takamatsu, Japani, ilikuwa imekimbilia chini ya paa la mtaa wa maduka. Nusu nyingine ilijazana ghorofa ya nne, kwenye mapokezi ya karaoke, jumba la vyumba vya kukodi vya kuimbia, miavuli ikichuruzika na wanafunzi wakipigana vikumbo.

Mizue Manabe hakuja kuimba. Alikuja kupiga kelele. Ni muuza miwani, umri miaka thelathini na mmoja, na jana yake meneja alikuwa amemsahihisha mbele ya wateja eti hawainamii kwa heshima ya kutosha. Alivaa gauni la kitani rangi ya zabibu, limelowa mabegani, na uso wa mtu asiyetaka kuongeleshwa.

"Kimebaki chumba kimoja," alisema Bi. Okubo wa kaunta. "Nanyi mko wawili, kila mtu kivyake. Si muingie pamoja tu?"

Aliyekuwa mbele ya Mizue ni mwanamume mrefu, shati la mistari limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, daftari kwapani.

"Mimi sina neno," alisema. "Ilimradi niachiwe Nu zangu."

"Nu?" Mizue aliuliza.

"Nyimbo zinazoanza na Nu. Ni kazi."

Na kweli ilikuwa kazi. Shunpei Ogura aliandikia tovuti moja ndogo orodha za nyimbo kwa silabi ya kwanza: za A, za I, za U, mpaka mwisho, ili wanaoshindana kuimba kwa silabi, au waliokosa cha kusikiliza garini, wapate pa kuanzia. Alifuata mpangilio ule ule wa silabi wanaofundishwa watoto wa darasa la kwanza, na wiki hiyo alikuwa amefika Nu, silabi yenye nyimbo chache mpaka unaionea huruma.

Chumbani aliweka wimbo wa kwanza. Ubeti mmoja, akaukata.

"Mbona umeukata?"

"Mwanzo unatosha."

"Unakutosha wewe! Mimi nasubiri kujua kama yule bwana alirudi!"

"Hakurudi. Kwenye Nu karibu wote ni watu waliolowa. Mvua, machozi, bahari. Harudi mtu."

Mizue alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka. Akamkata jicho, akamnyang'anya rimoti, akaurudisha wimbo na kuuimba mpaka mwisho kwa sauti ya kupasua ukuta. Ogura alimtazama bila kupepesa, kisha akaandika kitu daftarini. Kumbe alikuwa ameshakwisha kwa penzi, ila kichwa chake kilichelewa kupata habari.

Ikawa kila Jumamosi. Ne, kisha No, kisha Ha. Kila Ijumaa simu ililia.

"Bi. Manabe, kesho ni Ha. Ha ni nyingi. Ule vizuri."

"Ndilo neno tamu ulilonalo hilo?"

"Na unywe maji."

"Mungu wangu! Mwanamume gani wewe?"

Mizue alikata simu akiwa amechoka naye, kisha akakaa kuchagua nguo ya kesho kwa saa nzima. Walipotoka karaoke walikula udon, tambi nene za mchuzi, kwenye kibanda chenye viti vinne, magoti yakigusana chini ya meza, na Ogura alimwekea kila mara kipande cha tempura, kamba wa kukaanga, kikubwa kuliko chake. Lakini hakusema. Na huku kwetu watu wawili wanaweza kula udon pamoja mwaka mzima, ila mpaka mmoja wao akae sawa na kutamka, "Nakupenda, naomba tuwe pamoja," hao si wapenzi. Ni watu wanaokula udon.

Utasema, si Mizue angetamka mwenyewe? Alijaribu. Ilikuwa siku ya Mi, Agosti, kiyoyozi kimeharibika, maneno yameshafika ulimini. Ogura akamwinamia, macho yakimwaka, akauliza, "Huu unafaa kwa safari ndefu ya gari, au utamlaza dereva?" Mizue akayameza maneno yake yote na maji ya barafu.

Kimya kingi kina mshindo, wahenga walisema. Kimya cha Ogura hakikuwa na mshindo wala mlio.

Mwishoni mwa Oktoba walifika Ro. Mizue alikuja na sweta jeupe jipya na midomo ameipaka rangi. Hakugusa kipaza sauti.

"Kazini wananihamishia Niigata, mbali huko kaskazini," alisema. "Kuanzia Januari. Nitakuwa meneja wa duka. Wanataka jibu Ijumaa."

Alisubiri. Alichotaka ni neno moja, hata liwe bovu. Akisema baki, atabaki, na umeneja upite na njia yake.

Ogura aliweka kalamu chini. Alinyooka, akainama kama mtu aliye mbele ya mkwe.

"Hongera sana," alisema. "Niigata wana mchele mzuri."

"Mchele?"

"Unasifika sana."

Jamani! Mimi ninayesimulia natamani kumzaba kibao. Alikuwa amefunzwa tangu utotoni, kama tulivyofunzwa sote, kwamba mtu akipandishwa cheo humpongezi nusu nusu, na wala humwekei moyo wako njiani akajikwaa. Akazuia kila kitu, akatoa mchele.

Mizue alichukua mkoba wake. "Asante, bwana Ogura. Umalizie Ro zako."

Wiki nzima simu ya Mizue haikuita. Ijumaa usiku iliita mara mbili, ni Ogura, akaiacha. Jumamosi mchana, akiwa dukani kwa zamu aliyojiombea ili asikae nyumbani, anafuta vioo vya onyesho, iliita tena. Ilikuwa namba ya karaoke.

"Njoo umchukue mtu wako," alisema Bi. Okubo.

"Si wangu."

"Basi njoo umchukue mtu asiye wako. Tangu tumefungua anacheza nyimbo za mapenzi mfululizo, mlango wazi, haimbi, amekaa tu. Chumba cha jirani kuna mtoto anasherehekea kuzaliwa, sasa analia."

Mizue alikwenda kwenye mapumziko ya chakula, sare ya kazi mwilini, hasira miguuni. Alimkuta Ogura katikati ya kochi, nywele timutimu, kifungo cha shingo wazi kwa mara ya kwanza.

"Unafanya nini?"

"Narudia Su. Nilizimaliza Machi, sijakujua bado. Karibu nusu zinaanza na neno lile lile moja, suki, yaani nakupenda. Nikaandika pembeni: zinafanana, chagua yoyote." Alifunga daftari. "Hazifanani."

"Na mimi habari hiyo niifanyie nini?"

"Nilidhani nikisikiliza zote nitajua namna ya kusema..."

"Ogura! Nina dakika ishirini na sijala. Zima mashine!"

Akaizima. Ukutani zilisikika kelele za sherehe na tari likipigwa ovyo.

"Kwanza ile hongera yako," alisema Mizue. "Irudishe."

Ogura alisimama. Safari hii hakuinama.

"Nairudisha. Sikufurahi hata kidogo. Nilitoka hapa nikapanda treni ya upande usio wangu mpaka kituo cha mwisho. Sitaki uende. Nakupenda, Mizue. Naomba tuwe pamoja."

Machozi yalimtoka Mizue kabla hajajua kama ni ya furaha au ya hasira. Yalikuwa ya hasira.

"Jibu nimepeleka jana! Nimekubali. Wameshampata wa kushika nafasi yangu. Miezi mitano, Ogura! Miezi mitano umekaa na kalamu, halafu unachelewa kwa siku moja!"

Ogura alifumba macho kwa muda. Alipoyafumbua yalikuwa mekundu.

"Uliandika utakwenda," alisema polepole. "Hukuandika utakwenda peke yako."

"Na kazi yako?"

"Ni daftari. Linaingia begini."

"Na mama yako?"

"Ananiuliza kila siku kwa nini bado niko nyumbani."

Mizue alichukua kitabu cha vinywaji akampiga nacho begani, mara mbili, si kwa utani. Kisha akamketisha kochini, akaketi kando yake, akajifuta uso kwa mkono wa sare, akaegemea bega lile lile alilolipiga.

"Nitatangulia," alisema Ogura kwa bidii. "Nikutafutie nyumba, au nikufuate baada ya wiki mbili tatu, nikishapanga..."

"Thubutu! Treni moja, siku moja, kiti cha pembeni yangu, na tiketi yako nitaishika mimi. Kwa kuchelewa wewe sikuamini te..."

"Ndiyo," alisema Ogura, kabla Mizue hajamaliza.