Kiti cha Pili

Viti vya ukumbi wa sinema vina adabu moja: ukiinuka tu, kikalio kinajikunja chenyewe na kugonga mgongo wa kiti, ta! Mshonaji alikuwa amelijua hilo vizuri, maana asubuhi nzima alipiga magoti sebuleni kwake, mkasi mkononi na pini mdomoni, akivivalisha kitambaa kipya viti viwili alivyonunua ukumbini. Cha kulia kilijikunja kila alipokiachia. Cha kushoto alikiinua, kikakaa juu kidogo, halafu kikashuka polepole na kutulia, jinsi kinavyotulia kiti kilichokaliwa.

Akatia springi mafuta ya cherehani, akakiinua tena. Kikashuka tena. Akajiambia huo ni uzee wa chuma tu, akaendelea na kazi, kwa kuwa mumewe angefunga duka saa nane na yeye alitaka akute kila kitu tayari.

Kilichomsumbua zaidi ni kile alichokikuta alipobandua kitambaa cha zamani. Cha kulia kilikuwa kimechakaa hadi nyuzi zinaonekana. Cha kushoto kitambaa chake kilikuwa kizima, hakina hata doa, lakini sponji ya chini yake ilikuwa imebonyea shimo jembamba, kama la makalio ya mwanamke mdogo wa umbo. Akaweka kiganja pale. Palikuwa na joto, na palinuka maua yaliyosahauliwa kwenye maji siku nyingi.

Mumewe alikuwa fundi saa. Siku sita za wiki alikaa dukani na lenzi jichoni, akisikiliza vyuma vidogo kuliko punje ya mchele, na Jumamosi alasiri alikwenda sinema. Miaka kumi na moja hakukosa hata Jumamosi moja. Mshonaji aliwahi kumfuata mara moja tu. Sauti za mle ndani zilimwingia hadi kwenye meno, na kabla filamu haijafika katikati alitoka ameziba masikio kwa vidole, kichwa kinamgonga. Mumewe alimwambia basi, yeye abaki nyumbani apumzike. Alimwambia kwa upole mno, na ule upole ndio uliomkaa rohoni.

Tangu hapo wivu ulimla kidogo kidogo. Fundi saa alirudi kila Jumamosi na uso wa mtu aliyeachana na mwenzake mlangoni sasa hivi. Alinawa mikono huku akitabasamu peke yake. Mkewe alimpekua mifuko, na tiketi ikawa moja siku zote. Zingekuwa mbili, angalau angejua pa kuanzia.

"Shoga, wenzako wanaibiwa waume na wanawake," jirani yake alimtania, "wewe umeibiwa na jengo."

Mshonaji alicheka, lakini usiku huo hakulala vizuri. Ndipo akanunua runinga pana ya kuning'inizwa ukutani. Fundi saa aliisifu sana, akamshukuru, na Jumamosi akavaa viatu akaenda zake ukumbini. Kwa hiyo ukumbi ulipotangaza kwamba unaweka viti vipya na vya zamani vinauzwa, mshonaji hakungoja siku ya pili. Akaenda kukiulizia kiti cha mumewe chenyewe, safu ya saba, namba kumi na nane. Akaambiwa viti vinauzwa viwili viwili, maana mguu wa chuma wa katikati ni wa pamoja. Atakayekichukua kumi na nane amechukua na kumi na saba.

Aliyemfungulia ukumbi ni Bi Tochi, mwanamke mzee ambaye tangu usichana wake kazi yake ilikuwa kuwamulikia wachelewaji viti vyao gizani. Alivitazama vile viti viwili, akamtazama na mnunuzi.

"Na kumi na saba nacho unakipeleka nyumbani kwako?"

"Si vimeungana, Bibi."

"Haya. Basi runinga yako iwe na sauti ya juu, mwanangu."

Mshonaji aliona anadhihakiwa. Raha yake yote ilikuwa kwamba sasa watatazama filamu kwa utulivu, wawili, bega kwa bega, sauti ya kiasi cha watu wenye heshima zao.

Fundi saa aliporudi Jumamosi hiyo ya kuvalisha viti alisimama mlangoni pa sebule, machozi yakamlengalenga. Akakaa kwenye kiti chake, akapapasa mikono ya kiti. Mshonaji alifunga mapazia kulizuia jua la alasiri, akawasha runinga, akaja na moyo wake wote kukaa upande wa kushoto. Mumewe akatandaza kiganja juu ya kile kiti kabla hajakifikia.

"Kaa kwenye sofa, mke wangu. Utaona vizuri zaidi."

Upole ule ule. Akakaa kwenye sofa, nyuma yao, kama mgeni aliyefika bila taarifa, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Ilikuwa filamu ya kuchekesha. Mzee mmoja ndani yake alikuwa anamkaribia mbuzi kwa siri, na kabla mzee hajafanya lolote, kabla mbuzi hajageuka, mtu akacheka. Kilikuwa kicheko cha kike, chembamba, kama cha mtu anayejua kinachofuata. Ndipo mbuzi akageuka, ndipo fundi saa naye akacheka. Mshonaji akafikiri ni jirani, ukuta ni mmoja. Lakini kikaja tena, kabla ya mlango kuanguka, na tena, kabla ya bwana harusi kuteleza, na kila kilipokuja alisikia kwamba hakitoki ukutani wala kwenye runinga bali hapo mbele yake, hatua tatu, juu ya kiti ambacho kikalio chake kilikuwa chini na hakuna aliyekikalia.

"Ulikuwa unacheka na nani?" alimwuliza baadaye, kwa sauti ya chini.

"Na filamu," alijibu fundi saa, akisafisha miwani yake ambayo haikuwa na vumbi.

Jumamosi iliyofuata mshonaji alikaa na rimoti, na kwa kuwa wivu una ujasiri ambao hofu haina, akaanza kupunguza sauti, kidogo, halafu kidogo tena, mpaka waigizaji wakawa wananong'ona, na chini ya minong'ono yao akasikia pumzi, ndefu na za raha, si za mumewe kwa sababu za mumewe alizijua, na ile harufu ya maua ya kwenye maji ikapanda na kujaa sebule, na alipoinua macho akaona mkono wa fundi saa umelala kwenye mkono wa kiti cha kushoto, vidole vimeachana achana, kila nafasi baina ya vidole vyake ikiwa imejaa kitu ambacho yeye hakukiona.

Alichosikia kwanza, kabla hata ya hofu, ni uchungu. Mkono ule haukuwahi kushika wake hivyo.

Jumatatu alikuwa mlangoni kwa Bi Tochi.

"Mlidhani tunaweka sauti juu vile kwa ajili yenu?" alisema yule mzee taratibu. "Huyo yuko pale tangu ukumbi haujajengwa. Anapenda filamu kuliko sisi sote. Ameshaziona hata kabla hazijafika, ndiyo maana anawahi kucheka. Watu wangemsikia, nani angerudi? Tukaongeza spika. Wengine wote hawakusikia kitu. Mumeo ana masikio ya saa, anasikia kilichoko chini ya kelele."

Mshonaji akasema atavichoma vile viti. Bi Tochi akatikisa kichwa. Ukivichoma, alisema, atabaki ndani ya nyumba hana pa kukaa, na huyo ni mbaya kuliko aliyekaa.

Kesho yake saa sita mchana, fundi saa akiwa dukani, Bi Tochi akaja amevaa sare yake ya kazi na tochi mkononi. Alifungua mapazia yote. Akaiweka sauti ya runinga mpaka mwisho, vikombe vikatetemeka kabatini, na mshonaji akavumilia, meno yakimuuma. Kisha Bi Tochi akasimama mbele ya kiti cha kushoto na kukimulika, kama alivyomulika maisha yake yote watu walioingia bila tiketi.

"Filamu imekwisha," alisema. "Inuka. Huku si kwako."

Hakuna kilichotokea kwa muda mrefu. Tochi ikafifia, ikawaka tena. Ile harufu ikawapitia wote wawili, baridi, kuelekea mlangoni. Kiti kikajikunja, ta!

"Neno moja tu nakuachia," Bi Tochi alisema akivaa viatu. "Nyumba hii mtu asicheke kabla ya wakati wake. Kwake yeye huko ni kuitwa."

Jumamosi fundi saa alikaa kwenye kiti chake, akakitazama kiti cha pili kilichojikunja. Filamu ilikwisha hakucheka hata mara moja. Wiki ile na iliyofuata alirudisha chakula nusu. Saa za watu zikalala dukani hazijaguswa. Hakwenda tena ukumbini. Alikaa sebuleni, mwenye uso wa mfiwa, na mshonaji aliyekuwa amempata siku zote saba za wiki hakumwona hata moja. Alijaribu kukaa pale kushoto. Mumewe aliuondoa mkono wake kumpisha, kwa heshima, kama unavyompisha abiria.

Hapo ndipo wivu ulipomkaba vibaya zaidi ya miaka yote kumi na moja. Angekuwa mwanamke wa watu angemfuata akamwambia la kumwambia. Huyu hata sura hakuwa nayo, ameshafukuzwa, na bado ndiye anayeliliwa.

Ijumaa moja mume akiwa dukani alijifungia na filamu ya kesho yake. Aliitazama mara mbili, na kwa chaki yake ya kukatia nguo akaandika juu ya meza ya kazi mahali pa kila kichekesho. Onyo la Bi Tochi alilikumbuka vizuri. Alilikumbuka, akaendelea kuandika.

Jumamosi akakaa kiti cha kushoto, mapazia yamefungwa. Ndani ya filamu mpishi akashika kifuniko cha sufuria. Kabla hajakifunua, mshonaji akacheka kwa sauti nyembamba.

Mkono wa fundi saa ukaja. Vidole vikaingia kati ya vidole vyake, kimoja kimoja.

"Ulikuwa wapi wiki zote hizi?" alinong'ona, macho yake kwenye runinga.

Alipaswa kusema, ni mimi, mkeo. "Nipo," alisema, na mkono ukamkaza, akaona aibu kwa jinsi alivyofurahi. Akawahi kucheka mara ya pili. Akawahi ya tatu. Mumewe alicheka naye hadi mabega yakatikisika, na joto la mkono wake likampanda mpaka begani.

Mara ya nne alivuta pumzi acheke, akakuta kicheko kimeshatoka. Kilikuwa sikioni kwake, karibu kiasi kwamba kilimpuliza shavu, na kikalio alichokalia kikawa na joto ambalo halikuwa lake, na maua yale, yale yale, yakamjaa puani, na kitu chembamba kikamsukuma paja taratibu, kama mtu aliyekuta kiti chake kimekaliwa na anaomba apishwe.

Vidole vya fundi saa vikaachia vyake. Akasimama. Akasubiri kusikia kiti kikijikunja nyuma yake. Hakikujikunja.

"Kaa kwenye sofa, mke wangu," mumewe alimwambia kwa upole, bila kugeuka. "Utaona vizuri zaidi."