Albamu ya Mtu Mmoja

Saa sita mchana, lifti moja ya jengo lile ilikuwa mbovu, na watu walijibanza mbele ya ile nzima kana kwamba ndani yake kuna kitu kinagawiwa bure. Chiriku alijipenyeza katikati yao. Alivaa suruali nyeupe ya kitani, blauzi ya kijani iliyoacha mabega wazi na miwani myeusi ya kujifichia, lakini uso uliokaa kwenye mabango miaka tisa haufichiki kwa miwani.

"Wewe si mmoja wa wale wawili?" mama mmoja akamvaa. "Mwenzako yuko wapi?"

Mwenzake alikuwa dada yake wa tumbo moja. Miezi saba iliyopita Chiriku alimwambia kuwa anataka kuimba peke yake. Dada akajibu, "Haya," na tangu hapo hawakupigiana simu. Chiriku alisubiri machozi yamtoke. Hayakutoka. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa, na bahati mbaya moyo huwezi kuukung'uta ukaamka.

"Yupo," alijibu.

"Samahani, dada," sauti ikasema nyuma yake. "Umenikanyagia waya."

Aligeuka. Mwanamume mrefu, shati limefungwa vifungo kombo, begani ana mzigo wa nyaya ambao mkia wake ulikuwa chini ya kiatu cha Chiriku.

"Wewe huulizi mwenzangu yuko wapi?"

"Mimi naulizia waya tu."

Lifti ilipofunguka wote wawili walinyoosha kidole kubonyeza namba tano. Huyo ndiye aliyekuwa fundi wa kurekodi albamu yake.

Kazi ilianza siku hiyohiyo, na siku hiyohiyo ikakwama. Chiriku alisimama mbele ya maiki, hedfoni masikioni, akaimba: "Nimefunga mlango, ufunguo..." Halafu sauti ikazama, uso ukageukia kushoto, na neno la mwisho likamezwa na ukuta.

"Mbona unageuka?" Fundi aliuliza kupitia spika.

"Nageuka?"

"Kila mstari. Mwanzo unaimba na mimi, mwisho unaimba na ukuta."

Ilibidi amweleze. Walivyozoea, Chiriku ndiye aliyeanza kila mstari na dada, aliyesimama kushotoni kwake, ndiye aliyeufunga. Kwa miaka tisa hakuwahi kumaliza mstari hata mmoja. Nyimbo za sasa alizitunga mwenyewe, za mtu mmoja, lakini koo lake halikuwa na habari hiyo.

Fundi hakucheka. Alihamisha maiki, akaweka kiti kushoto, akabandika karatasi yenye mshale. Hakuna kilichosaidia. Lakini wiki zilivyokwenda alianza kumsindikiza hadi kituoni, na jioni simu zikaanza.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Sikumbuki."

"Basi hujala. Nenda kaweke chungu jikoni, mimi sikati simu mpaka nisikie kinachemka."

Alikuwa mtani, mpole, na msumbufu kama mbu. Chiriku aliyaona yote hayo na kuyakubali, kama mtu anayesoma orodha. Siku moja kwenye ngazi Fundi alimshika mkono na kumwambia, "Nakupenda."

"Asante," Chiriku akasema.

Fundi alikuna kichwa. "Karibu," akajibu. Angefanyaje?

Ikabaki wiki moja albamu itoke. Fundi alimtumia nyimbo zote zikiwa tayari, na Chiriku akazisikiliza jikoni akimenya vitunguu. "Nimefunga mlango, ufunguo nimeutupa." Neno la mwisho lilikuwa zima, limekaa mahali pake, tamu. Aliweka kisu mezani. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Watu wengine wote wangesikia sauti moja. Yeye alisikia mbili.

Alimpigia.

"Hiyo 'nimeutupa' ni ya dada yangu."

"Nilimpigia kumuuliza mlikuwa mnapumuaje," Fundi alisema. "Akaniambia, ngoja nije. Aliimba maneno yote ya mwisho kwa alasiri moja. Hakutaka hata jina lake liandikwe."

"Kwa hiyo albamu yangu ya peke yangu nimeimba na dada yangu."

"Nilikuwa nakusaidia, mpenzi. Ulikuwa unateseka."

"Mimi sikuhisi kitu." Wala hakupaza sauti, aliongea kama mtu anayeahirisha miadi ya daktari wa meno. "Naomba usinipigie tena."

Hakupiga. Siku tatu Chiriku alikula mkate mkavu, akalala, akaamka. Siku ya nne ndipo alipompigia dada yake.

"Niambie," dada akaitika, kana kwamba walizungumza jana.

"Ulikubali kwa nini?"

"Alinisikilizisha. Kila mstari unaning'inia, mdogo wangu. Tangu una miaka sita ukijikwaa mimi nakudaka. Mkono ulikwenda wenyewe." Dada alivuta pumzi. "Lakini nilipotoka pale nilijua nimekukosea. Uliondoka ili usidakwe. Na yule fundi usimgombeze sana, alinipikia chai yenye chumvi kwa woga."

"Hukunipigia miezi saba."

"Wewe ulinipigia?"

Hakuna aliyekata simu.

Kesho yake asubuhi Chiriku alipanda ngazi hadi ghorofa ya tano, amevaa kanga tu juu ya gauni la nyumbani, miwani ameisahau. Fundi alikuwa peke yake mbele ya mitambo, ndevu zimemwota ovyo.

"Nimeyafuta maneno yote ya dada yako," alisema bila salamu. "Sasa albamu ina mashimo thelathini na nane."

"Washa maiki."

Aliimba mpaka adhuhuri. Maneno ya mwisho yalitoka makavu, mengine yamekwaruza, mengine chini ya noti. Lakini yalitoka, na yalikuwa yake. Alipomaliza la thelathini na nane alivua hedfoni, akaitundika kwenye maiki.

"Unajisikiaje?" Fundi aliuliza kwa spika, taratibu.

"Nimekasirika."

"Bado?"

"Bado nini? Ndiyo kwanza naanza!" Aliusukuma mlango, akamfuata hadi kwenye kiti chake, machozi yanamtiririka na yeye mwenyewe anayashangaa. "Unamwita dada yangu kisirisiri! Unaniamulia mimi nimeumia wapi! Unajua nilivyokaa siku nne nasubiri hiyo simu uipige?"

"Si ulinikataza?"

"Na ukanitii! Mwanamume mzima! Sasa sikiliza, ukishanioa ukathubutu tena kunifichia jambo, hata kama ni la kheri, hata kama..."

Akasita. Fundi alikuwa amemkodolea macho, mdomo wazi.

"Nikishakuoa?"

Chiriku alijifuta pua kwa ncha ya kanga. Alikuwa na hasira, alikuwa na njaa, alikuwa anampenda mtu huyu mjinga, na yote matatu yalimwuma kwa pamoja.

"Usinikatize," alisema. "Sijamaliza."

Fundi akamsogezea kiti akae, lakini alikataa, akaendelea kumgombeza amesimama.